Gesi Haitalipia Chaki ya Palma

Shule za msingi za wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, huendeshwa kwa mafungu matatu ya fedha yasiyokutana. Mishahara ya walimu hutoka hazina ya taifa. Majengo hutegemea wizara, mkoa, wafadhili na, siku hizi, kampuni. Matumizi ya kila siku, yaani chaki, kufuli la ofisi, sabuni, au bati moja la kuziba pale panapovuja, hutoka katika ruzuku ya Msaada wa Moja kwa Moja kwa Shule, ambayo kwa Kireno hufupishwa ADE. Ruzuku hiyo ilianza mwaka 2003 na husimamiwa na baraza la shule. Chimbuko lake kuu ni FASE, mfuko wa pamoja ambamo wafadhili wa nje huchangia elimu ya Msumbiji. Kwa hiyo wilaya iliyo mbele ya mojawapo ya hazina kubwa za gesi barani Afrika hununua chaki kwa fedha za Benki ya Dunia na za walipa kodi wa Ulaya.

Rai iliyoenea, kuanzia ofisi za Maputo hadi vibaraza vya Palma kwenyewe, ni kwamba hali hii ni ya mpito na dawa yake inajulikana. Gesi itakuja kulipa. Rai hiyo ikielezwa kwa haki yake, hoja zake hushikana vizuri. Gesi ya bonde la Rovuma imethibitishwa tangu 2010. Uamuzi wa kuwekeza takriban dola bilioni 20 katika mradi wa gesi wa Afungi, wilayani Palma, ulitolewa Juni 2019. Sheria inazitengea jumuiya za eneo la mradi sehemu ya mapato, na kampuni imekwisha kujenga na kufadhili. Watoto wa wilaya hiyo ni wachache, hivyo tone dogo tu la utajiri huo linawatosha. Kilichokwamisha mambo ni vita vya waasi vilivyoanza Oktoba 2017. Vikizimwa, mradi utakwenda na shule zitafuata. Wajibu wa leo, basi, ni subira.

Ni rai rahisi kuishikilia, kwa kuwa haimgharimu msemaji wake chochote. Wanaoigharimia ni wengine, nao hawajafika umri wa kupiga kura.

1. Kalenda

Matarajio ya awali yalikuwa kwamba shehena ya kwanza kutoka Afungi ingeondoka mwaka 2018. Baadaye ukatajwa mwaka 2024. Sasa unatajwa 2029. Mtoto aliyezaliwa mwaka gesi ilipogunduliwa alistahili kuanza darasa la kwanza 2016, na miaka tisa ya elimu ya lazima na ya bure, kama ilivyowekwa na Sheria 18/2018, angeimaliza 2024. Ndani ya miaka hiyo tisa zilipita vita, kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona 2020, na shambulio la Palma la Machi 24, 2021 lililotawanya mji mzima hadi Pemba, Mueda, Nangade na ng'ambo ya mto Rovuma. Gesi ya Afungi haikupita hata mara moja.

Bajeti ya shule ni ya mwaka kwa mwaka. Darasa la nne lililokosa vitabu halirudiwi mapato yakipanda. Kampuni inalielewa jambo hili kuliko watetezi wa subira. TotalEnergies, inayoongoza mradi wa Afungi, iliusimamisha Aprili 2021 kwa kutangaza hali ya nguvu isiyozuilika, na ilipoamua kuiondoa hali hiyo mwishoni mwa 2025 iliwasilisha hesabu: serikali itambue gharama za ziada za dola bilioni 4.5 zilizotokana na kusimama huko, na iongeze muda wa kibali kwa miaka 10. Hakuna aliyeshangaa, kwani muda uliopotea una bei na mwenye wakili huidai. Watoto waliopoteza miaka ileile, katika wilaya ileile, kwa sababu ileile, hawakuandikiwa ankara na yeyote. Zaidi ya hayo, gharama za mwekezaji zinazotambuliwa kimkataba hurejeshwa kwake kutoka kwenye gesi kabla ya faida kugawanywa. Gharama za kusubiri za kampuni zitalipwa na gesi, na za mwanafunzi zitapangwa nyuma yake katika foleni ambayo imerefushwa na kusubiri huko huko.

2. Asilimia ya asilimia

Watetezi wa rai hii hupenda kutaja asilimia 10. Ni kweli kwamba kanuni ya mwaka 2023 inarudisha sehemu hiyo mahali mali ilikochimbwa: asilimia 7.25 kwa mkoa na asilimia 2.75 kwa jumuiya za eneo lenyewe. Lakini asilimia hizo hazikatwi katika thamani ya gesi. Hukatwa katika kodi ya uzalishaji, yaani mrabaha, ambao nao ni kipande kidogo cha thamani hiyo. Sheria ya kodi inataja asilimia 6 kwa gesi asilia, ilhali mikataba ya Rovuma iliyotiwa saini 2006 iliweka asilimia 2.

Hesabu yake inatosha kwenye kiganja. Katika gesi ya thamani ya metikali 1,000, mrabaha wa asilimia 2 ni metikali 20, na fungu la jumuiya ni senti 55. Hata kiwango cha juu cha sheria kingetumika, fungu hilo lisingefika metikali 2. Senti hizo 55 si za shule peke yake. Zinagombewa na kisima, zahanati, soko na daraja, na anayechagua nini kitangulie si mwalimu mkuu.

Halafu lipo swali la nani ni jumuiya. Coral Sul, mtambo unaoelea ambao ulipeleka shehena ya kwanza ya Msumbiji Novemba 2022, uko baharini kilomita zipatazo 50 kutoka ufukweni. Gesi ya Rovuma imekwisha kuuzwa, basi. Walioambiwa wasubiri hadi gesi itoke wanapaswa kujua kwamba ilikwisha kutoka, na kwamba bahari kuu haina kijiji cha kukabidhiwa asilimia.

Kilichobaki kinaingia kwingine. Sheria 1/2024 iliunda Mfuko wa Utajiri wa Taifa, ambao kwa miaka 15 ya mwanzo unapokea asilimia 40 ya mapato ya gesi, na asilimia 60 kwenda bajeti ya serikali. Kuweka akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo ni busara, ila kizazi kilichopo darasani hakimo katika fungu hilo. Fungu la pili linaingia kapu moja la taifa, ambamo Palma inapanga mstari na wilaya nyingine 153 bila kifungu chochote kinachoitanguliza kwa kuwa ndiyo iliyotoa ardhi na bahari.

3. Deni lilitangulia

Ahadi ni deni, husemwa. Msumbiji deni lilitangulia ahadi. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa takriban dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali ambayo Bunge halikuidhinisha. Maelezo ya mikopo hiyo yalihusu ulinzi wa pwani, uvuvi wa jodari na karakana za meli, yote yakiwa katika bahari ambayo ilikuwa imegunduliwa kuwa na gesi. Wakopeshaji wasingefungua mikono kiasi hicho kwa nchi yenye samaki tu. Ukweli ulipofichuka Aprili 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wa bajeti walisimamisha fedha zao, na metikali ikaporomoka. Mfuko wa FASE uliendelea, lakini ruzuku inayohesabiwa kwa metikali hununua kidogo pale metikali inapoanguka, na serikali iliyofungiwa mlango wa mkopo huanza kukata pale ambapo kelele haisikiki mbali.

Kwa hiyo si kweli kwamba gesi bado haijazifikia shule. Imezifikia mapema sana, tena kwa upande wa matumizi. Rai inayosema nchi isubiri gesi kwanza haina jibu kwa swali hili: kama utajiri wa kesho ulitosha kukopewa boti, kwa nini hautoshi kukopewa madawati?

4. Jengo si shule

Hoja inayoonekana kwa macho ndiyo yenye nguvu zaidi. Karibu na Afungi kipo kijiji cha Quitunda, kilichojengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kupisha mradi, chenye nyumba za kudumu na shule. TotalEnergies ilitangaza pia, mwaka 2023, mfuko wa maendeleo wenye jina la Kiswahili, Pamoja Tunaweza, na bajeti ya dola milioni 200. Mtu akionyeshwa ukuta uliopakwa rangi, ni vigumu kumwambia kwamba shule haina fedha.

Lakini jengo hulipiwa mara moja, na mwalimu hulipiwa kila mwezi kwa muda wa miaka thelathini. Kampuni hupenda malipo ya aina ya kwanza kwa sababu yana mwisho, yana picha na yana kibao. Serikali huyapenda kwa sababu huhesabiwa katika ripoti yake bila kuingia katika bajeti yake. Kila darasa jipya linalokabidhiwa ni mzigo mpya wa kudumu: walimu wa kuajiri, paa la kukarabati, mlinzi, choo cha kunyonya. Hazina inayopaswa kuubeba mzigo huo ndiyo ile ambayo, tangu jedwali jipya la mishahara la 2022, imeshindwa kuwalipa walimu kwa wakati malimbikizo ya saa za ziada, hadi migomo ikafika kwenye mitihani. Zawadi ya aina hii humpa mpokeaji deni na mtoaji sifa.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa kwenye uzinduzi. Mradi mkubwa hupandisha kodi ya nyumba na bei ya samaki, lakini ngazi ya mshahara wa mwalimu ni ya taifa zima. Mwalimu anayejua Kireno kizuri na kompyuta ndiye pia mtu ambaye wakandarasi wanamtafuta. Wilaya inayosifiwa kwa kuwa na bahati ya mradi inashindana na mradi huohuo kumpata mtu wa kusimama mbele ya ubao, nayo inashindana bila ruhusa ya kuongeza dau.

Pia msaada usiowekwa na sheria hauna tarehe ya kudaiwa. Aprili 2021 kampuni ilipoondoka, makandarasi wadogo wa Palma waligundua kwamba mikataba yao ilisimama siku hiyo hiyo. Shule inayotegemea hisani ya mwekezaji inarithi hatari za mwekezaji bila kurithi bima yake. Pwani hii imekwisha kulipitia jambo hili. Kuanzia 1891 hadi 1929, Cabo Delgado na Niassa zilikuwa chini ya Companhia do Niassa, kampuni ya kibali iliyokusanya kodi ya vibanda na nguvu kazi, na kwa upande wa shule haikuacha cha kutajwa. Baada ya makubaliano ya Ureno na Vatikani ya 1940, elimu ya Waafrika ilikabidhiwa misheni za Kikatoliki, mpango ambao katika pwani ya Waislamu ulimaanisha kwamba wengi hawakuifikia kabisa. Shule zilitaifishwa Julai 1975 kwa hoja kwamba elimu ni kazi ya serikali. Miaka hamsini baadaye, wilaya inaambiwa isubiri kampuni.

5. Uchache wa watoto

Hoja kwamba wilaya ndogo inahitaji fedha kidogo inaonekana kama hesabu, na ndiyo maana hukubalika bila kuhesabiwa. Ruzuku ya shule hufuata idadi ya wanafunzi na madarasa. Tuseme shule moja ya Palma, njia ya Pundanhar, ina watoto 90, na nyingine ya Pemba ina 1,800, na kila mtoto anapewa metikali 100. Ya kwanza inapata 9,000, ya pili 180,000. Kufuli lina bei moja. Bati lina bei moja, tena kule Pundanhar ni ghali zaidi kwa sababu ya usafiri. Safari ya kwenda benki ililipwa na shule ile ndogo, wala si ile kubwa, kwa kuwa benki za Palma zilivamiwa Machi 2021 na Mocímboa da Praia iko kilomita zipatazo 80 kwa njia ambayo kwa miaka kadhaa haikupitika bila msafara wa askari. Mwalimu mkuu anayetoa sehemu ya ruzuku kuwa nauli ya kuifuata ruzuku hajafuja chochote; fomula ndiyo iliyofuja.

Kuhesabu kwenyewe kuna lake. Msumbiji huhesabu wanafunzi wake katika zoezi la kila mwaka linaloitwa Machi 3, kwa tarehe yake, na fedha huifuata hesabu hiyo. Ni utaratibu wa nchi ambayo watoto hukaa mahali pamoja. Cabo Delgado familia huondoka usiku mmoja. Mtoto aliyehesabiwa Palma na kukimbilia Pemba anasoma bila fedha zake, na aliyerejea Palma baada ya hesabu anaingia darasa ambalo kwenye karatasi halina mtu. Wilaya iliyopoteza watoto kwa vita hupunguziwa ruzuku mwaka unaofuata, kana kwamba imepunguziwa kazi, wakati mwaka huo ndio inaohitaji kununua upya kila kilichoibwa.

Ugonjwa huu hauko Msumbiji peke yake. Tanzania, tangu elimu bila ada ya 2016, shule ya msingi hukadiriwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubakizwa serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Kenya hukadiria shilingi 1,420. Katika wadi ya Basuba, Lamu Mashariki, shule zilizofungwa kwa miaka kwa sababu ya mashambulizi ya Al-Shabaab zilikuwa na watoto wachache tangu mwanzo. Fomula ya kichwa kwa kichwa haina njia ya kuitambua shule ambayo inapaswa kuwepo kwanza ili watoto warudi.

6. Usalama kwanza

Hili husemwa kwa sauti ya mtu mzima anayefunga mjadala. Lakini jeshi halikuambiwa lisubiri gesi. Vikosi vya Rwanda viliingia Julai 2021, vya nchi za kusini mwa Afrika mwezi huohuo, na Umoja wa Ulaya ukatoa euro milioni 20 kwa ajili ya vikosi vya Rwanda Desemba 2022, kisha milioni 20 nyingine Novemba 2024. Fedha za ghafla zilipatikana kwa jambo lililoonekana kuwa la haraka. Wanaosema usalama kwanza hukiri pia, katika ripoti zao, kwamba waasi huvuna vijana wasio na shule wala kazi. Sababu ya vita imepangiwa bajeti ya baada ya vita.

Mpangilio huu wa usalama kwanza hulipotosha hata daftari. Mwalimu aliyekimbilia Pemba anastahili mshahara wake. Lakini akiendelea kuandikwa katika orodha ya Palma, wilaya inaonekana kuwa na mwalimu na kuwa imetumia fedha zake, wakati darasani hayupo mtu. Anayesoma jedwali hilo Maputo huona wilaya iliyohudumiwa.

7. Mkono wa kudai

Upungufu wa mwisho hauhusu kiasi. Sheria 8/2003 iliifanya wilaya kuwa kitovu cha mipango na bajeti, ila haikuipa mamlaka ya kutoza kodi. Msimamizi wa wilaya huteuliwa. Uchaguzi wa wilaya uliotarajiwa 2024 uliondolewa na mabadiliko ya Katiba ya Agosti 2023. Hivyo Palma haina diwani wa kuuliza kwa nini ruzuku imechelewa, wala chombo cha kuipelekea kampuni hati ya madai. Wilaya isiyoweza kutoza hushauriwa subira kwa sababu haiwezi kulazimisha lingine.

Kusini mwa Tanzania, Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, ambako gesi ya Songosongo imekuwa ikichimbwa tangu 2004, ina haki kisheria ya ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni zinazofanya kazi ndani ya eneo lake. Kilwa haijageuka pepo. Ushuru huo umekuwa na mabishano ya nani alipe na kiasi gani, na Mtwara ya jirani ilitoka barabarani Januari na Mei 2013 kwa kuona gesi inakwenda Dar es Salaam. Lakini ushuru huo hutozwa kwenye mauzo yenyewe, si kwenye mrabaha ambao ni kipande chake tu. Hudaiwa na chombo chenye madiwani. Na huweza kupangwa katika bajeti ya mwaka huu. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo asilimia 2.75 ya Palma haina.

Shule za Palma zinahitaji kiwango cha chini cha ruzuku kwa kila shule, bila kujali idadi ya watoto, na nyongeza ya kichwa kwa kichwa juu yake. Zinahitaji hesabu ya pili ya wanafunzi katikati ya mwaka katika wilaya za vita, posho ya mazingira inayofuata bei za Palma, na fedha zinazomfikia mwalimu mkuu alipo. Gharama ya yote hayo kwa wilaya moja yenye watoto wachache ni ndogo, kama wanavyosema wenyewe watetezi wa subira. Bunge halihitaji kusubiri 2029 wala kuunda mfuko mwingine. Asilimia 2.75 yenyewe ilianza 2013 kama kifungu katika sheria ya bajeti ya mwaka, na kiwango cha chini cha ruzuku kinaweza kuandikwa katika sheria hiyohiyo.